Kadi ya kliniki iwataje papa na nduaro, au tutawakimbiza wajawazito kwenye samaki wote?

Mizani
Wakuu, wito wa kurudi kwenye vyakula vya asili umeshika kasi: dona badala ya sembe, magimbi badala ya mkate, samaki badala ya soseji. Sina ugomvi nao. Ila ushauri wa "kula samaki" mjamzito anapewa jumlajumla, kana kwamba samaki wote ni mamoja.

Tufanye hesabu. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, iliweka ukomo wa methili-zebaki, zebaki yenye sumu inayokusanyika kwenye samaki, kuwa mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mama wa kilo 60 ukomo ni mikrogramu 96. Vipimo vya Marekani, ambako samaki wa sokoni wamepimwa miaka mingi, vinampa papa wastani wa karibu miligramu 1 kwa kilo. Kipande kimoja cha gramu 100 kwenye mchuzi wa nazi kina karibu mikrogramu 100, na ukomo wa wiki nzima umefikiwa. Sato katika vipimo hivyohivyo ana miligramu 0.013 kwa kilo. Ili afike hapo, mama huyo ale zaidi ya kilo 7 za sato ndani ya wiki.

Sababu yake inajulikana. Zebaki hupanda kwa kuliwa: dagaa anakula vijidudu, sehewa anamla dagaa, papa anamla sehewa, na papa anaishi miaka mingi akikusanya. Kinachoumia zaidi ni ubongo wa mtoto tumboni. Hoja yangu: kadi ya kliniki iwataje kwa majina papa, nduaro, sulisuli na jodari wakubwa.

Ng'onda
Naomba kutofautiana, mkuu. Hesabu iko sawa, ila umepimia Marekani halafu unataka kutibu Mtwara. Angalia Seychelles, bahari yetu hiihii. Watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 700 waliozaliwa 1989 na 1990, mama zao wakila samaki milo kama 12 kwa wiki, na hawakukuta madhara ya wazi yanayojirudia. Huku kwetu tatizo la wajawazito wengi ni kwamba samaki hawawafikii wa kutosha. Ukimtajia mjamzito zebaki hatabagua, ataacha mpaka vibua. Nafasi ile itajazwa na nini? Chai ya rangi na maandazi.

Tena papa mkavu anakaa bila friji. Kwa nyumba isiyo na umeme hilo si jambo dogo.

Mizani
Seychelles usiitaje peke yake, itaje pamoja na utafiti wa visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya. Kule zebaki nyingi ilitoka kwenye nyama ya nyangumi, na watoto walionekana kupungukiwa katika kumbukumbu, lugha na umakini. Mama wa Seychelles walikuwa wanakula samaki wa kawaida wa baharini. Ukiziweka tafiti zote mbili mezani, zinasema kitu kilekile ninachosema mimi: chagua aina, usiache samaki.

Kibibi wa Forodhani
Na papa mkavu akilowekwa usiku kucha, akachemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa? Wengi wanaamini "sumu imetoka".

Mizani
Inayotoka ni chumvi, pamoja na ile harufu kali ya amonia. Nyama ya papa ina urea nyingi, na akishakufa bakteria huigeuza amonia, ndiyo maana wavuvi wanaojua kazi humtoa damu na matumbo papo hapo. Zebaki imeshikamana na protini ya mnofu wenyewe. Ulowekaji, moto, ndimu, hakuna kinachoing'oa. Kukausha ndiko kunazidisha, kwa maana maji yanaondoka na zebaki inabaki: gramu 100 za papa mkavu ni kama gramu 200 za mbichi au zaidi.

Migebuka
Nyie wa pwani mmeshika zebaki, huku ziwani shida ya kila siku ni mchanga. Dagaa ndiye samaki salama kuliko wote kwa hesabu ya Mizani: mdogo, haishi muda mrefu, na unamla mzima na mifupa yake, hivyo kalsiamu ipo. Lakini akianikwa chini kwenye mchanga anapitiwa na kuku na mbuzi, na mvua ikimkuta anaota kuvu. Nunua wa chanja, yaani aliyeanikwa juu kwenye wavu, jua likampiga na upepo ukapita chini. Mvunje mmoja: akatike, asijikunje. Awe na mng'ao wa fedha, kichwa kisichodondoka, asiwe na ile harufu ya mafuta yaliyochacha. Sugua dagaa wa kujaa kiganja kimoja juu ya sahani nyeupe, mchanga utauona.

Kuosha nako watu wanakosea. Wanamwaga maji pamoja na dagaa kwenye chujio, mchanga wote uliotuama unarudi juu yao. Watoe kwa mkono kutoka juu, acha maji na mchanga chini, rudia mara tatu kwa maji ya vuguvugu.

Ila nanyi msiseme wa ziwani hana doa kwa kuwa ni wa asili. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa viuatilifu vya shambani. Na sangara mkubwa ana zebaki kuliko sato wa ziwa hilohilo, kwa sababu ileile ya kula wenzake.

Barafu Kwanza
Mjadala mzuri, lakini mnabishania sumu ya miaka mkaisahau ya dakika. Jodari, sehewa na vibua wakikaa juani saa chache, bakteria wanatengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, kwenye mnofu. Mlaji anahisi mdomo unawasha kama pilipili, uso unawaka, kichwa kinagonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengine husema "nina mzio wa samaki", kumbe samaki ndiye alikuwa ameharibika. Histamini haifi kwa kukaanga wala kwa kugandishwa, na samaki anaweza kuwa hajaanza kunuka. Kinga ni barafu tangu chomboni, kilo moja kwa kilo moja ya samaki, si vibonge viwili vya mapambo juu ya meza. Ukifika sokoni: jicho liwe limevimba na angavu, matamvua mekundu, bonyeza mnofu urudi.

Na hili la "asili ni salama" lishafika mahali pabaya. Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto. Kasa ni wa asili kabisa. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, pia. Muhogo mchungu pia.

Ng'onda
Hapo kwenye barafu niko nawe. Kwenye kadi nitakubali kwa sharti moja: mpangilio wa maneno. Ianze na "kula", iishie na "subiri". Mathalani: "Kula samaki mara 2 au 3 kwa wiki: dagaa, vibua, sato, tasi, pono. Papa, nduaro, sulisuli na jodari wakubwa, subiri mpaka umalize kunyonyesha." Ukianza na katazo, mama ameshasikia katazo tu.

Mizani
Maneno hayo nayapokea yalivyo. Kasoro moja: nusu ya methili-zebaki hutoka mwilini kwa kama siku 50. Anayeanza kliniki mwezi wa tano wa ujauzito alishapitisha miezi kadhaa ya ukuaji wa ubongo wa mtoto akiwa na mzigo wa zamani. Kwa hiyo ujumbe uanzie kwenye huduma za uzazi wa mpango na shuleni, na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nao wapime papa na nduaro wa masoko yetu ya feri, watangaze matokeo kwa aina ya samaki, tuache kuazima namba za Marekani.

Kibibi wa Forodhani
Kadi itaje papa sawa, lakini papa mkavu sokoni anauzwa vipande, ameshachunwa, na muuzaji anakujibu tu "samaki mkavu". Mnunuzi atamjuaje?

Ng'onda
Tafuta mabaki ya ngozi pembeni ya kipande, pitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani: inakwaruza kama msasa. Hana magamba ya kawaida wala vijiba. Katikati badala ya mfupa mgumu kuna gegedu, kisu kinapita bila kugonga. Pasua kipande kinene katikati, nusa: amonia haijifichi. Nduaro ndiye mgumu, akishakatwa vipande na kukaushwa hana alama ya kumtambua kwa urahisi, hapo umbane muuzaji aseme alikomtoa, na asipojua mjamzito anunue vibua.