Naomba ushauri: nimweleze vipi mtoto asili ya sayari?

Wakuu, juzi umeme ulikatika hapa Mikindani, tukatandika mkeka uani. Mwanangu wa darasa la sita, vidole vyeusi kwa korosho za kuchoma, akauliza: "Baba, nyota na sayari zilitoka wapi?"

Nikampa hoja ya Kant, mwanafalsafa Mjerumani, ya mwaka 1755: wingu la gesi na vumbi lilijikusanya, katikati likawa Jua, mabaki yakawa sayari. Babu yake akabisha. Yeye alifundishwa kuwa nyota ilipita karibu, ikalichomoa Jua kipande. (Hiyo ni nadharia ya Jeans, mwanafizikia Mwingereza; wanasayansi walishaiacha, lakini nani ambishie mzee?)

Mtoto akanibana: "Sasa mbona vumbi lote halikudumbukia kwenye Jua?" Najua ni kwa sababu wingu lilikuwa linazunguka, ila kumwelewesha nikakwama. Walimu wa fizikia, nipeni mfano wa vitu vya nyumbani.