Naomba ushauri: kuingiza kinga ya karanga pori kwenye karanga za shambani

Habari zenu wakuu. Ninajifunza uzalishaji wa mbegu za karanga na nimekwama mahali.

Karanga tunayolima ina kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 40, ilhali jamaa zake wengi wa porini wana 20 tu. Ukizichavusha moja kwa moja unapata chotara tasa. Kwa hiyo nilifuata njia ya kawaida: nikaanza na chotara wa aina mbili za porini, Arachis duranensis na Arachis ipaensis (ndizo zinazohesabiwa kuwa wazazi wa karanga yetu), nikaongeza kromosomu zake maradufu kwa kemikali iitwayo kolchisini ili zilingane na za karanga yetu, kisha nikamchavusha na karanga ya shambani. Kuondoa chavulio (sehemu ya ua inayobeba chavua) jioni, ili ua lisijichavushe lenyewe, kwenye ua dogo namna ile kulinitoa jasho, lakini mbegu zilipatikana!

Shida ni uzao. Mimea kadhaa inahimili ugonjwa wa madoa ya majani vizuri mno, nimefurahi sana. Ila maganda ni madogo, punje zimeachana kwa kijinyuzi kirefu kama za porini, na ukivuna nyingi zinabaki ardhini.

Mliowahi kufanya kazi hii, niurudishe uzao kwa mzazi wa shambani (yaani niuchavushe naye tena) mara ngapi bila kupoteza ile kinga? Na je, niupime kila kizazi kwa kuuambukiza ugonjwa, au nisubiri hadi nipate vipimo vya vinasaba? Naogopa kutupa mmea wenye kinga kwa sababu tu ganda lake ni baya.

Natanguliza shukrani.