Nimehamia timu nyingine, lakini bado nawapasia wenzangu wa zamani

Winga wa Kushoto anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo nilidhani lingekwisha lenyewe baada ya wiki mbili tatu, na sasa miezi minne imepita. Nilichezea timu moja ya mpira wa miguu ya ridhaa kwa misimu tisa, kisha nikahamia nyingine iliyo daraja la juu zaidi. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu. Niliaga vizuri, na timu mpya imenipokea kwa heshima. Sina wa kumlaumu, na pengine hilo ndilo linalonitatiza, kwa kuwa mtu akionewa hupata pa kuanzia kusimulia.

Kinachonisumbua ni vitu vidogo. Kule nilikotoka nilikuwa nikikaa katikati ya golikipa na beki wa kushoto katika chumba cha kubadilishia nguo, na kabla ya kila mechi golikipa alininyooshea mkono wa kulia nimfungie mkanda wa glavu, kwa sababu alikuwa ameshavaa ya kushoto na vidole vyake havikuweza tena kushika kitu chembamba. Hatukuwahi kupangana juu ya jambo hilo. Wiki iliyopita, katika timu mpya, nilijikuta nimemgeukia golikipa aliyekaa karibu nami na kumshika mkono; akanitazama kwa mshangao, nami nikasingizia kwamba nilitaka kuona glavu zake ni za aina gani.

Uwanjani hali ni mbaya zaidi. Beki wangu wa zamani alikuwa akipanda pembeni kila nilipoingia ndani na mpira, nami nilimwachia kwa kisigino bila kutazama. Mpaka leo naipiga pasi hiyo, na mpira unatoka nje kwa kuwa hapo hapana mtu. Kocha ameanza kuniuliza nampasia nani.

Bado nimo katika kundi la WhatsApp la timu ya zamani, na usiku husoma mizaha yao, ambayo mingine sasa siielewi. Je, nijitoe? Na siku ambazo sina mechi, niendelee kwenda kuwatazama wakicheza, au kwa kufanya hivyo najichelewesha kuzoea nilipo?

Kiungo Mstaafu anajibu:

Pole, mdogo wangu. Kabla ya kujilaumu, hesabu kwanza saa. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, alikadiria kwamba watu wanaojuana juujuu huhitaji takribani saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Tuseme mnafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, na siku ya mechi mnakuwa pamoja saa tatu: hizo ni saa 7 kwa wiki, yaani katika miezi minne umefikisha kama saa 110 tu. Unalinganisha saa 110 na misimu tisa, kisha unashangaa kwa nini mizani haikai sawa!

Lakini kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo ni muhimu kuliko hesabu yangu. Saa za kufanya kazi pamoja hazileti ukaribu sawa na saa za kukaa, kupiga soga na kutaniana. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kwa ukweli: mazoezi yakiisha huwa unabaki, au unavua viatu na kuondoka?

Beki wa Kati anajibu:

Nakubaliana na kaka hapo juu, ila ningependa kuongeza kwamba hamu hiyo si dalili ya udhaifu. Messi aliaga Barcelona kwa machozi mbele ya waandishi wa habari mwezi Agosti 2021, na alipokwenda Inter Miami ya Marekani mwaka 2023, wenzake wa zamani wa Barcelona, Sergio Busquets na Jordi Alba, walijiunga naye mwaka huohuo, kisha Luis Suárez, naye mwenzao wa Barcelona, akawafuata kwa msimu wa 2024. Wewe na mimi hatuna klabu ya kutusajilia marafiki, basi inabidi tuvumilie.

Kuhusu kundi, usijitoe. Mimi nilijitoa siku niliyohama, nikidhani ndiyo njia ya kiume, na matokeo yake nilikuja kusikia msiba wa mama yake nahodha wetu wiki tatu baada ya maziko. Sikuwa na neno la kumwambia. Zima mlio, usiwe unasoma usiku, lakini baki.

Kocha wa Vijana anajibu:

Hapa nitazungumza kama mtu wa upande wa pili, kwa sababu naona wote mnamtazama aliyeondoka peke yake. Niliwahi kuwa na mchezaji aliyehama, akawa anarudi kila wiki kusimama pembeni ya mstari. Wenzake walimfurahia, ila kijana aliyechukua namba yake alikuwa akikosa kidogo tu anageuka kumtazama yeye badala ya kunitazama mimi. Nenda kuwatazama mara moja moja, na ukienda, msalimie kwanza aliyekalia nafasi yako.

Kuhusu ile pasi ya kisigino, mazoea hufungamana na mahali na ishara, kwa hiyo ukiingia ndani na mpira mguu hufanya ulichozoea kabla hujafikiri. Usiiache, maana ni silaha nzuri. Mwambie beki wako mpya waziwazi, tena nje ya mechi, kwamba ukishusha bega la kulia mpira utabaki nyuma yako. Wachezaji wengi husubiri mwenzao akisie, wakisahau kwamba yule wa zamani naye alikisia vibaya msimu mzima wa kwanza.

Winga wa Kushoto anajibu:

Nawashukuru wote. Kaka Kiungo, umenishika: huwa naondoka wa kwanza, na wakati mwingine kocha hajamaliza kuzungumza nami nimeshafungua kamba za viatu. Kwa kweli nilikuwa nakwenda mazoezini kama anayekwenda kazini.

Juzi nilibaki kukusanya koni. Golikipa alikuja kunisaidia, akaniuliza kama bado nataka kuziona glavu zake, na ikabidi nimsimulie kisa chote. Alicheka mpaka akaketi chini. Beki wangu mpya naye amenieleza kwamba hapandi kwa sababu katika timu aliyotoka winga hakuwahi kurudi kumsaidia, kwa hiyo anaogopa kuacha nafasi nyuma yake. Kumbe na yeye alikuwa bado anacheza na mtu wa zamani. Tumekubaliana atapanda mara tatu katika mechi ya Jumamosi, nami nirudi kila atakapopanda.

Kundi nimelizima mlio, sikujitoa.

Nyongeza baada ya Jumamosi: alipanda mara mbili. Pasi ya kwanza ilimpita, ya pili akaipata.