Grupu: Dawa za Ami Saidi

*Jumapili*

Zainabu 06:52
Asalam aleikum familia. Nimefungua grupu hii kando manake ile kubwa Ami Saidi yumo na yuwasoma kila kitu. Hapa ni mambo ya dawa zake TU, sio video za paka. Jana magharibi nimekwenda kwake Kisauni nimekuta vidonge vya wiki nzima viko kwenye pakiti vile vile havijaguswa. Namuuliza, anambia vyamlegeza. Kisha anitolea kikaratasi, kuna mtu hapo barazani kamwambia moyo wake hauponi kwa sababu homoni zimeisha na ati kuna sindano ya testosteroni ya kuurudisha uwe kama wa kijana. Elfu nane. Na keshalipa nusu!! Mtu hata mwezi hajamaliza tangu moyo umshike. Nani amemleta huyo muuza sindano pale? Najua mumo humu

Zainabu 07:31
Mwasoma hamujibu. Tiki za bluu naziona

Zainabu 08:40
Watu 14 humu

Kassim 08:55
Waleikum salam. Niko foleni ya mahamri nipe dakika

Kassim 08:56
Lakini kuwa kijana kwa elfu nane mbona bei nzuri 😂 yuna ya nywele pia?

Saumu 08:58
Wewe Kassim nywele zilikuaga ukiwa darasa la nane, hiyo sio homoni ni ukoo

Tima 08:58
😂😂😂

Kassim 08:59
Mbaazi zaisha huku nani ataka nimchukulie

Saumu 09:00
Mimi za mia

Zainabu 09:02
Jamani nawaomba. Ami hanywi dawa

Shangazi Rukia 10:20
Zainabu mwanangu hebu nieleze nielewe. Mimi nilivyoambiwa sisi wanawake tukikoma hedhi ndipo moyo waanza kutusumbua, kwa sababu ile homoni ya kike imepungua. Basi kama yetu yaulinda moyo, ya wanaume itakosaje kumsaidia ndugu yangu? Na Mama Salma jirani amenipa vidonge vyake vya rovu vilivyobaki, asema dakitari alimwambia hiyo thairoidi, homoni ya shingoni, ndio yauendesha moyo, ati nimpelekee Saidi ajaribu. Viko hapa mezani

Zainabu 10:21
SHANGAZI USIPELEKE

Hamisi 11:05
Namba ya yule bwana nimempa mimi tusitafutane. Ami kaniita kando akanambia Hamisi sina nguvu, kutoka kitandani mpaka msalani nahema, na mambo ya ndani nayo yamelala, daktari ni binti mdogo naona haya kumwambia. Nyinyi mukija mwaleta maembe na maneno, mimi ndio nimekaa nikamsikiza

Zainabu 11:07
Kumsikiza ndio kumtafutia sindano ya mtaani?

Hamisi 11:08
Nimeshasema

Mwanamkuu 13:47
Nilikuwa nait ndo naamka sasa. Shangazi Rukia shikamoo, umeuliza swali la maana. Homoni zina kazi kubwa sana moyo ukishashikwa, hilo ni kweli, lakini sio vile huyo bwana alivyomwambia Ami. Moyo ukishikwa kipande cha nyama yake chafa, na nyama ya moyo hairudi kama kidonda cha mguu, mtu mzima hubadilisha chini ya asilimia 1 ya seli zile kwa mwaka, kwa hivo pale pafanyika kovu na nyama iliyobaki yafanya kazi ya zote. Sasa mwili ukiona damu haisukumwi sawasawa washtuka, wamwaga adrenalini moyo ukimbie, na figo nazo zaamsha homoni zao mpaka yatoka moja yaitwa aldosteroni, hiyo yashika chumvi na maji mwilini na yazidisha kovu. Siku za mwanzo zote hizo zamsaidia mtu asizimie. Zikiendelea wiki na miezi ndizo zautanua moyo mpaka walegea, ndo waona miguu imefura mtu hawezi kulala chali

Mwanamkuu 13:52
VILE VIDONGE ALIVYOVIACHA NDIVYO VYA KUZUIA HOMONI HIZO. Kile cha asubuhi na jioni chazuia adrenalini isiuchape moyo, enalaprili yakata ile njia ya figo, spironolaktoni yaizuia aldosteroni. Mwaka 2003 kulitoka utafiti wa watu 6,632 waliotoka kushikwa moyo ukabaki dhaifu kama wake, walioongezewa dawa ya jamii hiyo ya kuzuia aldosteroni vifo vyao vilipungua kwa asilimia 15. Na kile cha adrenalini hakiachwi ghafla, ukikiacha ghafla moyo waweza kukurupuka ukashikwa tena. Hiyo ndio yaniogopesha mimi kushinda sindano

Zainabu 13:53
👆👆👆 kila mtu asome hapo

Mwanamkuu 14:01
Shangazi, ya homoni ya kike walijaribu Marekani, majibu yakatoka 1998. Wanawake 2,763 wenye ugonjwa wa moyo na hedhi imekoma, wengine wakapewa homoni wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Haikuwakinga, na mwaka wa kwanza waliokunywa homoni ndio walioshikwa zaidi. Kuwa nayo mwilini ukiwa msichana sio sawa na kuimeza mishipa ishaziba. Vya Mama Salma mshukuru umrudishie, Uingereza 2020 walijaribu kwa watu 95 waliotoka kushikwa na thairoidi yao imeshuka kidogo, mwaka mzima, moyo haukusukuma vizuri kushinda wasiopewa. Na ikizidi yaukimbiza moyo

Mwanamkuu 14:06
Testosteroni: 2023, wanaume zaidi ya 5,000, wamepimwa damu ikaonekana kweli iko chini, wakapewa jeli ya kupaka na daktari yuwawatazama. Kushikwa na moyo hakukuzidi, sisemi uongo. Lakini mapigo kwenda ovyo, damu kuganda mapafuni, na figo kuumia vilizidi kwa walioipaka. Na ile jeli hawakupewa kuponya moyo uliokwisha kushikwa. Sasa Ami hajapimwa chochote, wamdunga kitu hatujui kimetoka wapi?
Hamisi kakangu umefanya vizuri kumsikiza, sisi hakutuambia. Hilo la ndani lasemeka kwa daktari, dawa yaweza kubadilishwa au kupunguzwa. Asije tu akanunua vile vya bluu vya nguvu za kiume vya dukani, ana kile kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi, vikikutana presha yaanguka palepale

Kassim 14:09
Mwanamkuu allah akuweke. Mbaazi za nani hizi zimepoa

Zainabu 14:12
Sasa mipango. Alhamisi ana kliniki na yuwatakiwa eko, ile picha ya moyo. Nataka 1) mtu wa kumpeleka na gari 2) mtu wa kuhakikisha dawa kila siku 3) pesa ya eko. Nitumieni mimi mpaka Jumanne, kila nyumba elfu moja na mia tano

Athmani 15:30
Samahani huku Doha nko kazini. Ntalipia eko yote mimi, ni mzee wangu. Lakini mbona mimi mwanawe sikuambiwa haya mapema

Hamisi 15:34
Zitumwe kwa Zainabu tena? Hesabu ya matanga ya marehemu Ami Bakari mpaka leo hatujaiona

Zainabu 15:35
Hamisi rudia hapo

Hamisi 15:36
Watu waliuliza wakanyamazishwa. Lile hema lililipwa mara ngapi?

Zainabu 15:41
Mimi nililala chini siku saba kwenye msiba ule napika, na ile nyumba ya Mtopanga wajua vizuri nani alichukua kodi miezi mingapi, usinifungue mdomo mbele ya watoto

Saumu 15:43
Basi jamani

Shangazi Rukia 15:50
Astaghfirullah. Mtu mgonjwa nyinyi mwahesabu mahema

Athmani 15:58
Kwa hivo nimtumie nani

Tima 20:14
Bi Mkubwa nimemsomea yote tangu asubuhi. Amenambia niandike kama alivyosema nisipunguze neno:
"Saidi nimembeba mgongoni mimi. Dawa atazinywea kwangu hapa Majengo, asubuhi na jioni namtazama akimeza, mpaka dakitari aseme basi. Kesho aletwe na nguo zake. Hamisi, utakwenda kwa huyo mtu wako uchukue zile elfu nne umrudishie ami yako, na baraza ile asiikanyage tena. Athmani amtumie Tima. Na hesabu ya Bakari mimi nilikuwako, najua aliyetoa na asiyetoa, nikisema kuna wawili humu hawatalala. Sitaki kuisikia tena mpaka munizike."

Shangazi Rukia 20:31
Tumesikia Bi Mkubwa

Hamisi 20:48
Sawa

Zainabu 20:50
Sawa

Athmani 21:02
Tima nimetuma angalia

Mwanamkuu 21:20
Jamani Bi Mkubwa si yuko ghorofa ya tatu? Ami saa hizi hawezi ngazi zile, atembee taratibu kila siku ndio lakini sio kupanda ghorofa tatu kwa pigo moja. Na aanze zile dawa usiku huu bila kungoja kuhama, kesho asubuhi ntapiga simu kliniki niulize aendelee vipi baada ya wiki yote hiyo

Zainabu 21:22
Kweli. Tima mwambie basi

Tima 21:23
Mimi? Aa wallahi siwezi

Kassim 21:25
Ya usiku namsimamia mimi ndo nafika kwake saa hizi, na ngazi tumbebe kwa kiti kama bwana harusi 😂

Mwanamkuu 21:40
Kassim amemeza?

Kassim 21:44
Amemeza. Kanuna lakini amemeza. Ameuliza tena ile sindano, nimemwambia vidonge ndivyo vya homoni vyenyewe akanitazama

Zainabu 21:46
Alhamdulillahi. Alhamisi gari ya nani?

Zainabu 22:15
Alhamisi jamani, saa mbili asubuhi yuwatakiwa pale

Mbaruku 23:38
Ndo nafungua simu sasa. Ami Saidi yuwaumwa?