Tupeane uzoefu: ndulele iliwahi kukutibu au kukudhuru?

Wakuu, naanza na yangu. Nimekulia Dodoma, ndulele, vile vichaka vya miba, zimejaa kando ya njia ya ng'ombe. Nikiwa darasa la sita jino la chini lilininyima usingizi siku tatu. Bibi akachimba mzizi, akauosha, akakwangua ganda, akanipa kipande nikiume upande wa jino. "Mate tema, mjukuu wangu, usimeze." Uchungu wake unapita mwarobaini! Ufizi ukafa ganzi, nikalala. Ila jino lilishatoboka. Miezi mitatu baadaye shavu likavimba, nikaenda kung'olewa. Maumivu yalitulia, ugonjwa ulibaki palepale. Nanyi leteni yenu, mazuri na mabaya.

Mama Pacha: Huku Pangani tunauita mtunguja. Mwanangu wa miaka mitatu aliliona tunda limeiva, la njano, akadhani ngogwe. Jioni akaanza kutapika na kuharisha, macho yamelegea. Jirani akasema mtie kidole kooni. Nikakataa, nikambeba mbiombio hospitali, na lile tunda lenye alama za vijino vyake nimelifunga kwenye khanga. Daktari alipoliona hakuuliza mara mbili. Dripu, siku mbili wodini. Nesi akanishukuru kwa kulileta na kwa kutomtapisha. Nikikumbuka bado natetemeka.

Mkulima wa Mnavu: Pole sana mama. Mimi naomba watu wasichanganye na mnavu, maana ni ukoo mmoja. Ndulele ina miba, na ukigeuza jani chini kuna manyoya meupe. Mnavu hauna miba, tunda lake dogo kama punje ya njegere. Kwetu majani ya mnavu tunayachemsha, maji ya kwanza tunamwaga, ndipo tunaunga kwa maziwa. Vitunda vya kijani hatuli kabisa.

Muuguzi: Nimempokea baba aliyekunywa glasi nzima ya mizizi ya ndulele iliyochemshwa, eti tumbo. Alifika hawezi kusimama. Ndugu zangu, sumu yake, solanini, haiishi kwa kuchemsha, na hakuna anayejua mti huu una kiasi gani na ule una kiasi gani. Mjamzito asiguse kabisa.

Mleta mada: Asante dada. Bibi naye hakuwahi kutunywesha, ilikuwa kuuma na kutema tu. Mama Pacha, mtoto anaendeleaje?

Mama Pacha: Mzima, yuko la kwanza sasa. Mti niliung'oa siku ileile.