Siki ya tufaha imetoa kitu kama kamasi juu, nimwage?

jiko_langu:
Jamani naombeni msaada. Nina chupa ya siki ya tufaha, ile isiyo angavu, haijachujwa, niliifungua miezi mingi iliyopita nikaiweka kabatini karibu na jiko. Leo nimeitoa nakuta juu kuna kitu kimeelea, cha rangi ya maziwa, kinateleza kama kamasi, halafu chini kuna machicha ya kahawia. Harufu ni ya siki tu. Ila kinachonitia wasiwasi ni kwamba wiki iliyopita nilitia kwenye saladi na watoto walikula, sikuangalia ndani ya chupa. Wako wazima lakini roho haijatulia.

Chupa_Kuukuu:
Tulia mkuu, usimwage. Huo ni mama wa siki, yaani bakteria wale wale wanaogeuza pombe kuwa siki wanatengeneza utando wa selulosi (nyuzinyuzi kama zile za mimea) juu ya siki pale hewa inapoingia, na siki yako kwa kuwa haijachujwa wala kupashwa moto kiwandani bakteria bado wamo hai humo. Ile nyeupe angavu ya dukani ni nadra kukuta hivyo. Watoto hawajala kitu kibaya. Kama hupendi kuuona, chuja kwa kitambaa safi au karatasi ya kuchujia kahawa, osha chupa, ikauke kabisa, rudishia. Machicha ya chini nayo hayana neno.

mama_viungo:
Nakubaliana ila naomba tusimwambie mtu "ni mama" kabla hajaangalia vizuri, maana mimi nilishawahi kujidanganya hivyo hivyo. Nilikuwa na siki niliyotengeneza mwenyewe kwa maganda ya matunda, ikatoa utando nikafurahi, kumbe ilikuwa kuvu. Tofauti iko hivi: mama anateleza, ni kama jeli au ngozi iliyoloa, ukimsukuma na kijiko anazama mzima mzima. Kuvu ina manyoya, imekauka juu, ina madoa ya kijani, bluu au nyeusi. Ukiona manyoya mwaga yote, usiseme natoa juu natumia chini, kwa sababu kuvu kuota kwenye siki ni dalili kwamba ukali wake umeshuka na haijilindi tena. Ile ya kutengeneza nyumbani ndiyo ya kuchunga zaidi kwani hujui ina asidi kiasi gani, ya dukani huwa imeandikwa, kawaida asilimia 4 au 5 na kuendelea.

jiko_langu:
Asanteni sana, nimeusukuma na kijiko umezama mzima, hakuna manyoya. Sasa la pili, mfuniko ni wa bati na umeota kutu kwa ndani, na nilikuwa naufunga ovyo ovyo tu. Hiyo ina shida? Pia kuna kichupa kingine nilitia vitunguu saumu kwenye siki vikageuka rangi ya bluu!!

Chupa_Kuukuu:
Hiyo bluu usiogope, kemikali za salfa za kitunguu saumu zikikutana na asidi zinatoa rangi hiyo, inaliwa kama kawaida. Lakini kichupa chenye kitunguu au matunda ndani kiweke friji. Hiyo ya tufaha yenyewe haihitaji friji.

mama_viungo:
Kutu ndiyo ingenisumbua mimi kuliko huo utando. Asidi inakula chuma, kwa hiyo mfuniko tupa, tafuta wa plastiki, na kama kutu imedondokea ndani siki yote mwaga. Chombo kiwe cha kioo, usihamishie kwenye sufuria ya alumini au shaba. Na uifunge kwelikweli, kwani ukiiachia hewa muda mrefu bakteria wakimaliza pombe wapo wanaoanza kuila asidi yenyewe, siki inapooza hadi inakuwa kama maji yenye uchachu kidogo. Onja tone. Kama bado inachoma ulimi itumie kwenye saladi, ila usiitumie kusindika mboga za kuweka kabatini, hiyo kazi chukua chupa mpya yenye asilimia 5. Halafu iondoe hapo karibu na jiko, iende kabati lenye giza na ubaridi.

jiko_langu:
Nimekagua, kutu imebaki kwenye mfuniko tu, ndani haijadondoka. Nimeonja, inachoma hasa. Nachuja sasa hivi.