Ulinganisho: wino wa ofisi, wino wa pigmenti au akriliki kwa mihuri ya raba?

BintiManila, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Nimepata oda ya kadi za harusi, si nyingi sana ila mteja ni wa kuchagua. Anataka karatasi ya khaki, pambo la muhuri (nimechora tawi la mkorosho lenye mabibo), rangi ya maji kidogo kwenye yale mabibo, halafu kipande cha kanga kibandikwe pembeni kwa gundi nyeupe. Nikimaliza nataka niendelee na daftari za sanaa kwa mtindo huohuo, tabaka juu ya tabaka.

Mezani nina vitu vitatu: wino wa muhuri wa ofisi, ule wa kichupa, mweusi na zambarau, pedi ya wino mweusi wa pigmenti niliyoletewa na shangazi kutoka Uingereza, na akriliki za chupa. Kila ninayemuuliza anasifia chake. Aliyetumia vyote anipe ulinganisho wa kweli, si wa mwenye duka. Na muhuri wenyewe, nichonge kwenye raba ya kufutia au niende kwa fundi wa mihuri?

Mchonga_Raba, Moshi

Dada, usianze na wino upi ni mzuri. Anza na nini kitakuja juu yake. Ukishajua hilo, mwingine unajiondoa wenyewe.

Wino wa ofisi ni rangi iliyoyeyuka kabisa, mara nyingi kwenye maji na gliserini. Khaki inaunywa, ndiyo maana unakauka haraka na mstari unabaki safi. Lakini kilichoyeyuka kwenye maji kitayeyuka tena. Pitisha brashi yenye maji juu ya tawi lako uone: mstari unafumuka, bibo jekundu linapata wingu la zambarau na mwisho linakuwa kahawia. Gundi nyeupe nayo ina maji, kwa hiyo kanga ikigusa ncha ya jani, wino unapanda kwenye kitambaa. Na kadi ikiwekwa karibu na dirisha, jua litaipausha.

Pigmenti ni unga laini usioyeyuka, umetawanywa tu ndani ya kimiminika. Unakaa juu ya karatasi badala ya kuzama. Ndiyo maana pedi za dhahabu na nyeupe zinaonekana hata kwenye manila nyeusi, jambo ambalo wino wa ofisi hauwezi. Jua pia haliusumbui sana. Tabu yake ni kukauka. Angalia pedi ya shangazi imeandikwa nini: kuna pigmenti za kawaida, na kuna zenye mafuta ndani yake, VersaFine kwa mfano, ambazo zikishakauka maji hayazisogezi. Hizo za pili ndizo za kupiga muhuri kisha kupaka rangi ya maji juu.

Rangi_Tupu, Dar es Salaam

Mnamtia dada gharama za bure. Akriliki inatosha. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kichovye, kigonge kwenye sahani mpaka kibaki na unyevu tu, kisha weka rangi juu ya muhuri kwa kugongagonga. Usiuchovye muhuri kwenye rangi, hapo ndipo watu wanapoharibu. Ikikauka ni plastiki, mwaga maji utakavyo. Nyeupe yake juu ya khaki inawaka. Nimefanyia mifuko ya zawadi, masanduku ya viatu, hata mito ya sebuleni.

Mchonga_Raba, Moshi

Kwa nyota na majani manene, sawa kabisa. Ila yeye amechora tawi lenye mishipa ya majani. Akriliki itaiziba ile mishipa kabla hajamaliza rundo la kwanza, na ikishakauka ndani ya raba haitoki kwa maji, utachokonoa kwa sindano. Halafu rangi ya maji haishiki juu ya akriliki iliyokauka. Inajikusanya matone na kukimbia.

Rangi_Tupu, Dar es Salaam

Ndiyo maana pembeni yangu kuna bakuli la maji na mswaki wa zamani. Piga, osha, piga, osha. Na tone moja la gliserini ya duka la dawa kwenye rangi linaichelewesha kukauka. Mishipa ya majani nakubali, hapo umenishika.

KusiKaskazi, Mombasa

Gliserini! Mngekaa huku kwetu mwezi wa Mei mngeisema kwa adabu. Gliserini huvuta unyevu wa hewa. Wakati wa masika pedi ya pigmenti isiyo na mafuta ukiipiga kwenye karatasi ya kung'aa, kesho yake bado mbichi: unashika kadi, kidole kinaondoka na herufi. Kwenye khaki isiyo na mng'ao afadhali, kwa sababu inafyonza.

Mimi huutumia ubichi huohuo. Kuna poda ya kuyeyusha, inauzwa kwenye vikopo. Piga muhuri kwa pigmenti, nyunyiza poda papo hapo, kung'uta iliyobaki irudi kopini, kisha ipashe moto. Unaiangalia: kwanza ni vumbi la kijivu lisilo na maana, ghafla pembe moja inang'aa, na ule mng'ao unatembea mstari hadi mstari mpaka tawi lote limeinuka juu ya karatasi. Ukilipapasa unalisikia kwa kidole. Maji hayaliingii tena. Drayer ya nywele haifai, inapeperusha poda na joto lake halifiki. Bloa ya mafundi simu inafanya kazi, ila usiikaribishe mno, khaki inaungua. Wengine hushika mgongo wa kadi juu ya pasi ya moto bila kugusa.

Kwa wino wa ofisi hili halitokei, unakauka kabla poda haijanata.

Kijana_Ngamiani, Tanga

Naomba kuuliza kitu. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango, je? Naona bei yake kwa kopo ni nafuu kuliko akriliki ya sanaa.

Mchonga_Raba, Moshi

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi hiyohiyo ya kung'aa, lakini juu ya hadibodi. Karatasi ni jambo lingine. Mafuta yanasambaa kuzunguka mchoro na kuacha duara la uwazi linalotokea hadi nyuma ya kadi. Halafu utasafishia nini? Tina na petroli huivimbisha raba, mistari yote inapotea umbo. Kwenye ubao, sufuria kuukuu, chupa, tumia, ila kwa stensili au brashi, raba iache. Na kama unachanganya, mafuta juu ya akriliki yanakaa. Akriliki juu ya mafuta inabanduka.

Tyubu_na_Mkasi, Kisumu

Sasa mihuri, maana mmelisahau swali lake la pili. Kabla hujamlipa fundi yeyote, pita kwa fundi baiskeli uombe mipira ya ndani iliyochoka. Nyingi hutupwa. Ipasue, uoshe ile poda ya ndani, sugua juu kwa msasa laini ili wino ushike, kata umbo kwa mkasi, bandika kwa gundi ya viatu juu ya kipande cha mbao. Mabibo, nyota, samaki, mwezi mwandamo, vyote vinatoka vizuri. Mistari myembamba haitoki, usijisumbue. Tyubu haina unene wa kuchonga.

Soli ya ndala inachongeka kwa wembe, na lile povu lina vitundu vinavyoacha madoadoa ndani ya chapa. Kuna wanaoona ni kasoro. Kwangu kwenye daftari za sanaa ndiyo uzuri wake, hasa kwa akriliki. Na malighafi haiishi: pale Nairobi, Ocean Sole wanatengeneza twiga na kobe wazima kwa ndala zilizookotwa ufukweni.

Kwa tawi lako, chukua raba nyeupe ya kufutia, kubwa. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya raba, sugua mgongo kwa kijiko. Mchoro unahamia ukiwa umegeuzwa tayari, hivyo ukipiga muhuri unarudi sawa. Hata majina na maandishi ya Kiarabu unayafanya hivyo. Ukikata, lalia kisu kwa nje, ili mstari uwe mpana chini kuliko juu. Ukiukata ukaingia chini yake, mshipa wa jani unapinda ukiubonyeza na baada ya muda unakatika.

Fundi_Kichochoro, Mwanza

Nimo kwenye kazi ya mihuri, naomba niongeze la upande wetu. Leta mchoro mweusi juu ya nyeupe, hakuna kijivu, mistari isiwe chini ya nusu milimita. Usiugeuze wewe. Kompyuta inaugeuza, na nyinyi wateja mkiugeuza tena nyumbani unatoka kinyume, kisha lawama kwetu. Mwambie fundi unataka raba iliyochomwa kwa leza, bila mkono wa plastiki, utaibandika mwenyewe kwenye mbao. Bei inakuwa nafuu zaidi na inakubali wino wowote.

Muhuri wa kujipaka wino wenyewe, wenye springi, usiununue kwa sanaa. Pedi yake imefungiwa ndani, ukitaka kubadili rangi ni balaa. Ule mwingine wenye wino ndani ya povu ndio usiuguse kabisa kwa akriliki, utaufunga vinyweleo siku ya kwanza. Na msilete michoro inayofanana na nembo ya serikali eti ni sanaa. Fundi mwenye akili atakataa.

Mzee_wa_Chapa, Unguja

Wanangu, hamjambo. Mnabishana wino, lakini nusu ya chapa mbaya zinatokana na mkono. Hapa Unguja karne ya 19 kulikuwa na kanga za mera, merikani iliyopigwa mapambo kwa vibao vya mbao kwa mkono. Kibao hakitaki nguvu ya bega, kinataka kitu laini chini ya kitambaa. Na karatasi ni hivyohivyo: weka gazeti tabaka kadhaa chini ya kadi, au kipande cha blanketi.

Nilipata kusoma habari za Ntonso, karibu na Kumasi, Ghana, wanakopiga nguo za adinkra. Mihuri yao ni vipande vya kibuyu, na kibuyu kina mviringo, basi hawakandamizi, wanabingirisha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wino wao ni maganda ya mti yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Muhuri wako ukiwa mkubwa kuliko kiganja, jaribu kuibandika raba yake juu ya ubao wenye mviringo kidogo. Katikati haitabaki tupu.

BintiManila, Dar es Salaam

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimesoma pedi ya shangazi: ni pigmenti ya kawaida, haina mafuta. Nimeipiga kwenye khaki, nikaiacha ilale usiku, asubuhi nikapitisha pamba yenye maji. Imechafuka kidogo kwenye kingo. Poda sina na siwezi kuisubiri, harusi iko karibu. Nirudi kwa akriliki?

KusiKaskazi, Mombasa

La. Geuza mpango. Paka mabibo kwanza kwa rangi ya maji, madoa mekundu na ya manjano bila mpaka, yaache yakauke kabisa, ndipo upige tawi juu yake. Hakuna brashi yenye maji itakayopita juu ya wino tena, kwa hiyo hata wino wa ofisi usingekuwa na neno. Doa lisipolingana barabara na mstari usihangaike, likitoka nje kidogo linapendeza kuliko likijazwa kama kitabu cha watoto. Na usitengeneze hayo manjano kwa bizari ya jikoni, nimeona watu wakifanya hivyo. Inapauka juani kwa muda mfupi sana.

Mchonga_Raba, Moshi

Hapo amemaliza. Kwa kadi hizi: rangi ya maji, kisha pigmenti juu. Kwa daftari za sanaa, ambako hujui leo kesho utaweka nini juu, tafuta pedi yenye mafuta, moja tu nyeusi, itakutosha muda mrefu. Akriliki iwe ya mandhari ya chini na mihuri minene ya ndala.

Rangi_Tupu, Dar es Salaam

Na nyeupe. Nyeupe ya akriliki hakuna pedi inayoishinda.

BintiManila, Dar es Salaam

Nimekubali yote, hata nyeupe. Imebaki kanga. Gundi nyeupe ikigusa pigmenti je?

Tyubu_na_Mkasi, Kisumu

Usiifikishe huko. Kwa kitambaa tumia selotepu ya pande mbili. Ukilazimika kutumia gundi, ipake kwenye kanga, si kwenye kadi, nyembamba kwa kadi chakavu ya simu, na uache nafasi kati yake na tawi. Kisha panga kadi chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi, nailoni kati ya kila moja, maana khaki ikilowa upande mmoja inajikunja.